Mali bila Daftari: Tujifunze Kuziuliza Kumbukumbu za Magari Yetu

Ndugu wanajeshi na ndugu askari polisi, wahenga walituachia usia kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Usia huo umekuwa kama amri katika vikosi vyetu tangu siku ya kwanza tulipokabidhiwa magari. Karani wa usafirishaji huandika namba ya gari, jina la dereva, kilomita zilizosomwa, lita za dizeli zilizotiwa, saa ya kutoka langoni na saa ya kurudi. Kisha ofisa hutia sahihi. Gari likipatwa na ajali, au mafuta yakipungua bila sababu, daftari hilo huletwa mezani na ukweli hutafutwa humo.

Daftari hilo lingalipo, na sisi hatudhani kwamba wakati wake umepita. Lakini kando yake limetokea daftari la pili, ambalo haliandikwi kwa kalamu wala halingoji karani aamke. Gari lenyewe ndilo huliandika. Na katika miaka hii michache amezaliwa msomaji mpya wa daftari hilo, yaani wakala wa akili bandia, ambaye huulizwa swali kwa maneno ya kawaida akaleta jibu kabla chai haijapoa. Leo tunapenda kuwaeleza ndugu zetu jinsi jambo hili linavyokwenda, faida zake na hatari zake, kwa maana sisi wenyewe nusura tuumbuke mbele ya wananchi kwa sababu ya kutolijua vizuri.

GARI HUANDIKA NINI

Gari la siku hizi limejaa vihisi. Kimoja hupima joto la maji yanayopoza injini, kingine mizunguko ya injini kwa dakika, kingine kasi ya magurudumu, kingine kimo cha mafuta katika tangi, kingine nguvu ya betri. Mwaka 1986 kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilitangaza mfumo uitwao CAN, ambao huviwezesha vifaa vyote hivyo kupelekeana habari kwa njia moja ya pamoja, badala ya kila kifaa kuwa na nyaya zake. Kuanzia magari ya mwaka 1996, Marekani ililazimisha magari madogo yanayouzwa nchini humo yawe na soketi ya namna moja, ambayo fundi huchomeka chombo chake na kusoma kasoro za injini. Setilaiti za jipiesi, ambazo ni mali ya serikali ya Marekani, zilitangazwa kukamilika mwaka 1995. Na mwezi Mei 2000 nchi hiyo ikaondoa upotoshaji wa makusudi uliokuwa ukipunguza usahihi wake kwa watumiaji wa kiraia.

Mambo hayo yalipokutana na mtandao wa simu, kikazaliwa kisanduku kidogo ambacho hufungwa chini ya dashibodi, hukusanya habari za vihisi pamoja na mahali gari lilipo, hutia saa juu ya kila namba, kisha huzituma kwenye seva ambako hutunzwa kwa miezi au miaka.

Tufanye hesabu ndogo. Tukichukua vihisi 10, kila kimoja kikitoa namba moja kwa sekunde, gari moja litatoa namba 864,000 kwa siku moja. Kikosi chenye magari 30 kitapata zaidi ya namba milioni 25 kabla jua halijachomoza tena. Hakuna karani, hata awe na bidii namna gani, awezaye kuzisoma. Kwa hiyo miaka mingi kumbukumbu hizi zimelala kama mahindi ghalani: zipo, lakini hazimshibishi mtu.

TARISHI NA MASJALA

Hapo ndipo anapoingia wakala wa akili bandia. Wapo wadhanio kwamba wakala huyo anazijua habari zote za magari kichwani mwake. Sivyo. Hajui hata moja. Mfano wake ni tarishi wa ofisini. Ofisa akitaka faili, tarishi haingii masjala na kupekua makabati apendavyo. Hujaza karatasi ya maombi na kumpa mtunza masjala, naye huleta faili lililoombwa. Katika jambo letu mtunza masjala ni chombo, yaani programu ndogo iliyowekwa kati ya wakala na seva. Mwezi Novemba 2024 kampuni ya Anthropic ya Marekani ilitangaza utaratibu wa wazi uitwao Model Context Protocol, unaoeleza jinsi mawakala wa namna hii wanavyoweza kuunganishwa na vyombo vya aina mbalimbali, na tangu hapo vyombo hivyo vimeongezeka sana.

Karatasi ya maombi ya chombo cha kumbukumbu za magari kwa kawaida huwa na mambo matano: gari lipi, kihisi kipi, tangu lini, mpaka lini, na namba zitolewe kwa nafasi ya muda gani, yaani kila sekunde, kila dakika au kila saa. Ofisa anaweza kusema hivi: “Niambie lori hili lilipata joto gani la injini wiki iliyopita lilipokuwa likipanda mlima.” Wakala huligeuza swali hilo kuwa maombi ya mambo matano, chombo huleta jedwali, naye wakala hulisoma jedwali na kumweleza ofisa kwa maneno.

Faida yake ni dhahiri. Fundi wa gereji ataona kwamba joto la injini limekuwa likipanda kidogo kidogo kwa wiki tatu, naye atatengeneza pampu ya maji kabla lori halijakwama porini likiwa na askari ndani. Ofisa wa usafirishaji atajua ni gari lipi linalokaa likinguruma muda mrefu bila kwenda, likila mafuta ya bure. Mpelelezi wa polisi atapata mahali pa kuanzia. Tunayaunga mkono mambo haya kwa moyo wote.

HERUFI MOJA TU

Sasa tueleze yaliyotupata. Usiku mmoja mwendesha baiskeli aligongwa katika barabara ya lami, na aliyemgonga hakusimama. Mwendesha bodaboda mmoja na mama mmoja mchoma mahindi walisema kwamba waliona lori la kijani, na kwamba ilikuwa saa mbili usiku. Asubuhi waandishi wa habari wakatupigia simu: je, lori hilo ni la jeshi?

Tulifanya kama tulivyoona inafaa. Tulimtaka karani wa kikosi kilicho karibu amuulize wakala. Karani aliandika: ni magari gani yetu yaliyokuwa katika barabara hiyo kati ya saa 20:00 na 20:30? Jibu likaja mara moja, kwa lugha safi isiyotia shaka: hakuna. Magari yote yalikuwa yamesimama kambini. Tulifurahi. Tukaandika taarifa yenye maneno makali kidogo, ya kwamba jeshi halihusiki, na kwamba wananchi wajihadhari na watu wanaoeneza uvumi dhidi ya vyombo vya ulinzi. Taarifa ilikwisha kuchapwa. Ilikuwa inangoja sahihi tu.

Aliyetuokoa ni sajenti mmoja wa kitengo cha mawasiliano, mtu wa makamo, ambaye alikuwa amekuja ofisini kwa shughuli nyingine. Alipoona jedwali juu ya meza, alilitazama akauliza: “Afande, hii herufi Z mwishoni mwa kila saa mmeiona?”

Ndugu wasomaji, hakuna askari aliyepita darasa la mawasiliano asiyeijua herufi hiyo. Z ni Zulu, saa ya dunia nzima, ambayo iko nyuma ya saa ya Uganda kwa saa tatu. Sisi tuko Charlie. Seva nyingi hutunza kumbukumbu kwa saa ya Zulu, ili magari ya nchi mbalimbali yasichanganyike. Karani alipouliza saa 20:00, chombo kilileta saa 20:00 ya Zulu, ambayo kwetu ni saa 23:00, yaani saa tano usiku. Kwa hakika saa tano usiku magari yote yalikuwa kambini.

Tukauliza upya, tangu saa 17:00 hadi 17:30 ya Zulu. Lori moja likaonekana katika barabara ile ile. Saa 17:11 kasi yake ilishuka kutoka kilomita 62 kwa saa hadi 9 katika sekunde chache, ikakaa hapo kidogo, kisha ikapanda tena. Dereva alikuwa amepiga breki, akasita, akaondoka.

Tuliichana taarifa yetu. Dereva alikabidhiwa polisi, mwendesha baiskeli akatibiwa na kupona, na wakubwa wetu wakaenda kumwona. Lakini tangu siku hiyo hatukuacha kufikiri: mwendesha bodaboda na mama mchoma mahindi walisema kweli kuhusu saa, na sisi, tukiwa na mashine ya kisasa, tulikuwa tayari kuwaita waongo mbele ya taifa. Imani ya wananchi kwa jeshi haijengwi kwa siku moja, bali hubomolewa kwa taarifa moja.

Na jambo hili lina mitego mingine. Sisi Waswahili husema saa mbili tukimaanisha saa 20:00, na mashine huandika 17:00. Hizo ni namba tatu za wakati mmoja. Zaidi ya hayo, gari likivuka mpaka wa Mpondwe na kuingia mashariki mwa Kongo, saa za huko ziko nyuma ya zetu kwa saa moja. Askari waliokuwa katika operesheni Shujaa, iliyoanza Novemba 2021, wanalielewa jambo hilo. Basi anayeuliza bila kutaja ni saa ya wapi, ameuliza nusu ya swali.

KUMBUKUMBU HUSEMA NINI, NA HUNYAMAZA WAPI

Mtego wa pili ni nafasi kati ya namba. Gari liendalo kilomita 60 kwa saa hukata kilomita 1 kwa dakika. Ikiwa kumbukumbu hutunzwa kila dakika, basi kati ya namba moja na nyingine kuna kilomita nzima ambayo hatukuiona.

Mtego wa tatu ni wastani. Tuseme gari lilikwenda kilomita 100 kwa saa kwa dakika moja, kisha 40 kwa dakika nne. Wastani wa dakika hizo tano ni 52. Atakayesoma 52 atasema dereva ni mtu wa adabu. Mwenye kutaka kujua kasi ya hatari aombe kiwango cha juu kabisa, asiombe wastani.

Mtego wa nne ni ukimya. Gari likipita mahali pasipo mtandao wa simu, vifaa vingine hutunza namba na kuzituma baadaye, na vingine huzipoteza. Ukurasa mtupu hauonyeshi kwamba gari lilisimama. Wala hauonyeshi kwamba dereva alichomoa kifaa kwa makusudi. Wakala mwema atasema wazi, “hapa hapana kumbukumbu”. Wakala asiyeelekezwa vizuri ataruka nafasi hiyo na kusimulia safari kana kwamba iliendelea bila kukatika. Tena mawakala hawa wana udhaifu unaojulikana wa kuweza kutunga jambo lisilokuwapo, na kulisema kwa sauti ile ile wanayosemea jambo la kweli.

Mtego wa tano ni kihisi chenyewe. Dizeli ndani ya tangi ni kimiminiko. Gari likiegeshwa mteremkoni, mafuta hukimbilia upande mmoja na kihisi huweza kusoma pungufu. Likirudi tambarare, mafuta “hurudi”. Ole wake dereva ambaye ofisa wake ameona namba zikishuka asubuhi, na hakungoja kuona zikipanda mchana! Wizi wa mafuta upo, wala hatuufichi. Lakini mwizi hutambuliwa kwa namba ambazo zimeshuka gari likiwa limesimama na hazikurudi tena, zikalinganishwa na risiti na daftari.

Lingine ni la msingi kabisa. Kihisi hujua usukani ulifanya nini, hakijui nani aliushika. Katika ajali tuliyoisimulia, uvumi wa kijijini ulisema lori lilikuwa likikimbia kilomita 100 na zaidi. Kumbukumbu zilisema 62. Hapo zilimtetea dereva. Lakini hazikuweza kusema kama baiskeli ilikuwa na taa, wala kwa nini mtu aliyepiga breki hakushuka. Mambo hayo yalijulikana kwa kuwahoji watu, kazi ambayo askari polisi wameifanya tangu kale na wataendelea kuifanya.

ADUI NAYE HUSOMA

Yapo yatupasayo zaidi sisi wenye kuvaa sare. Mwezi Novemba 2017 kampuni ya Strava ya Marekani, inayotunza kumbukumbu za watu wanaokimbia na kuendesha baiskeli, ilichapisha ramani ya njia walizopita wateja wake duniani. Mwezi Januari 2018 mwanafunzi mmoja wa Australia alionyesha kwamba ramani hiyo ilianika kambi za kijeshi, kwa sababu askari walikuwa wakikimbia mazoezi wakiwa na saa za mkononi zenye jipiesi. Hakuna jasusi aliyehitajika.

Tena mwezi Desemba 2024 jarida la Der Spiegel la Ujerumani, pamoja na chama cha wataalamu wa kompyuta kiitwacho Chaos Computer Club, walifichua kwamba data za magari ya umeme yapatayo 800,000 ya Volkswagen na kampuni zilizo chini yake zilikuwa zimeachwa katika seva bila ulinzi wa kutosha, na kwa mengi kati ya hayo mahali gari lilipoegeshwa palijulikana. Miongoni mwao yalikuwamo magari ya doria ya polisi wa Hamburg. Ikiwa jambo hilo liliwapata watu wa nchi yenye viwanda vikubwa kiasi hicho, sisi tusijidanganye.

Mwenye kujua mahali magari yetu yalikopita kwa miezi sita anajua njia za doria, saa za kubadilisha zamu, mahali pa kujaza mafuta, na nyumba ya kila ofisa ambaye gari humpeleka jioni. Kumbukumbu za safari zilizopita ni ramani ya safari zijazo.

MAONI YETU

Wapo ndugu zetu wanaosema kwamba vitu hivi ni vya nchi tajiri, na kwamba sisi tungoje. Hatukubaliani nao. Visanduku hivyo vimekwisha kufungwa katika magari mengi ya umma na ya watu binafsi katika kanda yetu. Namba zinakusanywa tupende tusipende. Wapo pia wanaosema kwamba huu ni upelelezi juu ya askari. Kwa hao tunajibu kwamba daftari la langoni nalo lilikuwa likimwandika kila mtu, na askari mwaminifu hakuliogopa; alilotaka ni kusomewa sawasawa na kupewa nafasi ya kujieleza.

Kwa hiyo tunapendekeza yafuatayo. Kwanza, chombo kipewe ruhusa ya kusoma tu, kisiweze kubadili wala kufuta hata namba moja. Pili, kila jibu lionyeshe saa ya Uganda pamoja na ya Zulu, na lifuatane na jedwali lenyewe, ili ofisa aone mistari badala ya kusoma muhtasari peke yake. Tatu, kila anayeuliza aandikwe jina lake, swali lake na saa aliyouliza. Mtunza daftari naye awe na daftari. Nne, data zetu zikae katika seva tunazozimiliki na kuzilinda wenyewe, na zikipitwa na muda uliowekwa zifutwe. Tano, asiadhibiwe askari yeyote, wala asikanushwe raia yeyote, kwa neno la wakala peke yake. Daftari la lango, risiti ya mafuta na mashahidi viletwe pamoja. Sita, makarani wa usafirishaji na wapelelezi wafundishwe kuuliza, kwa maana asiyejua kuuliza hawezi kulitambua jibu baya.

Mafunzo hayo hayahitaji chuo kikuu. Siku mbili darasani, jedwali moja la kweli, na sajenti mmoja anayejua maana ya herufi Z, vinatosha kuanzia.

Ndugu zetu, bunduki hufunguliwa, husafishwa na kukaguliwa kabla ya kupewa askari, na askari hufundishwa kuitumia kabla hajaigusa risasi. Chombo hiki kipya nacho kistahili nidhamu hiyo hiyo. Tukikitumia kwa uangalifu, kitawafikisha madereva wetu salama, kitaokoa mafuta ya umma, na kitatusaidia kusema ukweli kwa wananchi hata pale ukweli unapotuuma. Sisi, katika ofisi yetu, tumeiweka ile taarifa iliyochanwa ndani ya droo. Kila kijana mpya anayeletwa kufanya kazi nasi huonyeshwa karatasi hizo kabla hajafundishwa jambo jingine lolote.